Mke wa Fundi Hashikwi na Tope

Dada yangu hufanya kazi ya kuchoma watu vidole. Ndivyo anavyojibu mwenyewe akiulizwa. Yeye ni mpimaji wa damu katika kituo cha afya kilicho nje kabisa ya mji, huko ambako lami iliishia njiani na barabara mpya imekuwa ikijengwa tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Maabara yake ni chumba kimoja: meza ya vigae vyeupe, hadubini, sinki lenye bomba linalolia, na dirisha linalotazama rundo la kokoto za mkandarasi. Asubuhi huenda kwa pikipiki, jioni hurudi kwa pikipiki, na mvua zikianza barabara ile huwa uji.

Mtu anayekaa karibu na kazi yake hawezi kuelewa shida hii. Ukifika kazini umelowa, siku yako imeshaliwa kabla hujaketi. Msimu wake wa kwanza wa mvua, Dada alifika kituoni na mchirizi wa tope kutoka kiunoni hadi kisogoni, na kila hatua viatu vinasema chwa, chwa. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi la kusubiri alimtazama juu hadi chini, kisha akauficha mkono wake mgongoni.

"Binti," akasema, "kati yangu na wewe, mgonjwa ni nani?"

Benchi zima lilicheka. Dada naye alicheka, maana ni mtu wa kucheka, lakini koti lake jeupe la maabara lilikuwa limebaki jeupe kwenye kola peke yake. Alifanya kazi siku nzima ameegemeza mgongo ukutani ili wagonjwa wasimwone nyuma.

Jioni ile alimwambia mume wake, "Madigadi ya nyuma ni fupi. Nifungie kipande cha mpira kishuke chini kidogo. Na ya mbele nayo, tope linanirukia kifuani."

"Kesho, mama," mume akasema.

Mume wake ni fundi pikipiki. Mimi namwita shemeji, mtaa mzima unamwita Fundi. Gereji yake ni kibanda cha mabati pembeni ya barabara kuu, na mbele yake pikipiki za watu hupangwa kama ng'ombe wanaosubiri maji. Alikuwa na wakati wa kufunga mipira kwenye pikipiki za mji mzima. Ya mke wake ilikuwa ya kesho, na kesho ilipofika ikawa ya kesho tena. Mganga hajigangi, ni kweli, lakini hapa mganga alikuwa pia ndiye aliyeleta ugonjwa. Dada alipoinunua pikipiki ile kwa mshahara wake, iliyotumika, shemeji ndiye aliyeifufua, na ndiye aliyezikata madigadi zote mbili kwa msumeno ili ionekane ya kisasa. "Madigadi ndefu ni za wastaafu," alisema.

Sisemi kwamba hajui kazi. Anaijua mno. Ukimpelekea pikipiki, hakuulizi ulipita wapi. Anainama, anakwangua tope kwa ukucha, analisugua kati ya vidole, kisha anakwambia, "Ulipita bondeni, halafu ukaegesha penye saruji." Watu walikuwa wakija na marafiki zao ili wamwone akibashiri. Kipaji kizuri kwa fundi. Kwa mume mwenye wivu, ni balaa.

Na wivu alikuwa nao. Zamani kidogo Dada aliuza dawa katika duka moja katikati ya mji. Shemeji alikuwa akifunga gereji mchana, anakwenda kusimama ng'ambo ya barabara, mikono mfukoni, anamkodolea macho kila mwanaume aliyeingia kununua dawa ya kikohozi. Mwenye duka alivumilia, akavumilia, mwisho akamwambia Dada kwa upole kwamba wateja wanadhani duka linapelelezwa. Dada akapoteza kazi.

Siku hiyo alimkalisha mumewe kitini. "Hili nimekusamehe," alimwambia. "Lakini nisikilize vizuri. Siku utakayonifuata tena kazini, nitakurudishia ufunguo wangu wa nyumba hii, na humu ndani hutaniona tena." Shemeji aliapa kwa kila alichokuwa nacho, mpaka kwa spana zake.

Kuna watu, na wengine wao nimesoma nao chuo, wanaosema mwanaume asiye na wivu hana mapenzi. Upuuzi mtupu. Kwa hesabu hiyo, askari wa gereza ndio wanaotupenda kuliko mama zetu.

Basi Dada akajisaidia mwenyewe. Alinunua koti la mvua na suruali yake, na mabuti ya mpira. Mwanzo alichomeka suruali ndani ya mabuti, kama wengi wanavyofanya, na mabuti yakajaa maji kama ndoo, kwa sababu maji hushuka na nguo na hayana pengine pa kwenda. Akaitoa suruali ikawa juu ya buti, akaifunga kwa utepe wa mpira chini. Akavaa mifuko ya nailoni juu ya soksi. Shingoni akajifunga kitambaa, kwa kuwa mvua hupenda kuingilia hapo. Koti jeupe alilikunja ndani ya taulo, akaliweka kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, akaifunga ndoo nyuma ya kiti. Akajifunza kutomfuata lori kwa karibu. Akajifunza kwamba dimbwi lililotulia ndilo lenye shimo, na kwamba anayekwenda polepole hurushiwa tope na wengine tu, lakini mwenye haraka hujirushia mwenyewe.

Na akampata Povu.

Pale lami inapoishia kuna banda la kuosha magari: paa la mabati, pampu, benchi moja, na mtu mmoja wa makamo, mgane, anayeitwa Povu kwa sababu hawezi kupaka sabuni bila kuongea. Dada alisimama pale siku moja mvua imemzidi, akaoshewa pikipiki. Povu alizunguka nyuma, akatikisa kichwa.

"Mama, hii madigadi imekatwa na adui yako?"

"Imekatwa na mume wangu."

"Ahaa. Basi sisemi kitu." Kisha akasema kwa muda mrefu sana. Na wakati anasema, alikata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la lori, akakifunga nyuma kwa bolti, na kingine kidogo mbele.

Tangu hapo Dada akawa na utaratibu wake. Asubuhi anatoka nyumbani na viatu vyake vya kawaida, anapita kwenye lami mpaka bandani, anavaa silaha zake zote, anaingia vitani. Jioni anarudi bandani, anaosha mabuti na pikipiki, anaanika koti la mvua kwenye kamba ya Povu, anakunywa chai mpaka mvua ipungue, anamlipa Povu kama mteja mwingine yeyote, kisha anakwenda nyumbani. Alifika kituoni mweupe. Yule mzee wa benchini alipomwona alinyoosha kidole mwenyewe kabla hajaitwa.

Nyumbani nako alifika mweupe. Na alifika akiwa amechelewa.

Aliyewasha moto ni dereva wa lori la kokoto. Alileta pikipiki ya kaka yake gerejini siku ya mvua kubwa, lori lake likiwa na tope mpaka kwenye vioo.

"Fundi," akasema, "mke wako siku hizi anapaa?"

"Kwa nini?"

"Kule leo mimi na lori langu nimelala kwenye tope kama kiboko. Yeye nimempita mjini hapa, viatu vinang'aa, pikipiki inang'aa. Mke wa Fundi hashikwi na tope! Ama ana mabawa, ama kuna mtu mwenye gari na pikipiki inabebwa nyuma."

Gereji ikaangua kicheko. Shemeji naye alicheka. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba alicheka mpaka taya zikauma, na spana aliyoishika hakujua ilikuwa ya namba gani.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa pale kwao, nimekwenda kula. Mvua imekatika. Dada yuko ndani anapakua chakula, shemeji yuko uani amechuchumaa nyuma ya pikipiki ya mkewe. Nilidhani hatimaye anaifunga ile madigadi. Nikamsogelea. Alikuwa anapitisha ukucha chini ya kiti, kwenye mnyororo, katikati ya spoki.

"Hakuna kitu," akasema, kama daktari anayetoa habari mbaya. "Barabara ile ina tope jekundu linalong'ang'ania mnyororo wiki nzima. Hapa hakuna hata chembe."

"Si ameosha, shemeji."

Alikuwa ameuona mpira. Akaufunua kwa kidole, akaangalia nyuma yake.

"Njoo uone," akasema.

Nikainama. Niliona bolti.

"Mimi nafunga kichwa cha bolti nje, nati ndani," alisema. "Baba aliyenifundisha kazi alifunga hivyo, na kila pikipiki iliyopita mkononi kwangu imefungwa hivyo. Hii nati iko nje." Akaigusa kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayegusa jino linalouma. "Kuna mkono mwingine umepita hapa."

Nilitaka kucheka, nikauona uso wake, nikaacha. Mpira angeweza kuusamehe. Angeweza kusema umeokotwa barabarani. Lakini bolti ina aliyeifunga. Mtu alichuchumaa nyuma ya pikipiki ya mke wake, akachukua muda, akakaza. Kwake yeye ilikuwa kama kumkuta mkewe amevaa saa ya mwanaume.

Mezani alianza kwa kuzunguka mbali.

"Pikipiki safi siku hizi."

"Naiosha," Dada akasema.

"Wapi?"

"Njiani."

"Njiani wapi?"

Dada aliweka kijiko chini. "Pale dukani uliponiuliza mwenye duka ni nani, nilikutajia. Kesho yake ulikuwa umesimama ng'ambo ya barabara. Nikikutajia mtu leo, kesho utakuwa mlangoni kwake."

"Kwa hiyo kuna mtu."

"Kuna watu wengi, baba. Dunia imejaa watu."

"Na ule mpira?"

"Niliuomba kwako mvua zilipoanza. Hukuufunga. Umefungwa."

"Na nani?"

"Na mtu mwenye mpira na bolti. Kwani unataka nirudi na tope?"

Shemeji aliinua kichwa, na naapa kwamba alijibu bila mzaha hata kidogo: "Ndiyo. Ukirudi na tope, nitajua umetoka kazini."

Sisi sote watatu tuliyasikia maneno hayo yakitua mezani. Dada alimtazama mumewe kama anavyotazama damu kwenye kioo cha hadubini. Kisha akaniambia, "Kula, kinapoa."

Yaliyofuata sikuyaona kwa macho yangu, lakini nimeyasikia kwa Dada, nimeyasikia kwa Povu ambaye huyaeleza kwa kila gari analoliosha, na mwisho nimeyasikia kwa shemeji mwenyewe. Wote watatu wanakubaliana.

Shemeji alichukua pikipiki ya mteja, akafunga gereji, akaenda mpaka karibu na kituo cha afya. Alijificha nyuma ya rundo la kokoto. Mvua ilimkuta hapo hapo. Fundi pikipiki huyu, aliyezitengeneza pikipiki za mji mzima, hakuwa na koti la mvua, kwa kuwa yeye hukaa chini ya mabati na mvua ni habari anayoletewa na wateja. Alivaa shati, suruali ya kitambaa na viatu vya wazi. Dada alipotoka, shemeji alimwona amevaa vitu asivyovijua: koti la njano, suruali inayong'aa, mabuti. Hakumtambua mpaka alipoitambua pikipiki. Akasema moyoni kwamba mke wake ana nguo za siri.

Akamfuata. Dada alikwenda polepole, akichagua mapito, akiyaacha malori yapite. Shemeji hakuwa na nafasi ya kuchagua, macho yake yalikuwa kwenye mgongo wa njano. Lori la kwanza lilimwosha ubavu. La pili lilimwosha uso. Mahali penye dimbwi lililotulia Dada alizunguka, shemeji akapita katikati. Gurudumu la mbele lilizama, yeye akaendelea na safari bila pikipiki. Alipoinuka alikuwa wa rangi moja kuanzia utosini hadi vidoleni, na meno ndiyo yaliyobaki kuonyesha mbele ni upande gani.

Alifika bandani akiisukuma pikipiki. Pale alimwona mke wake ameketi kwenye benchi, miguu mitupu juu ya kreti, kikombe mkononi, na mwanaume ameinama anaipangusa pikipiki yake kwa kitambaa.

Povu aliinua kichwa. "Lahaula! Pole, ndugu yangu! Umeanguka au ndiyo umezaliwa leo?"

Shemeji hakujibu, maana sauti ingemfichua.

"Simama hapo, usiogope, nikupige maji. Pikipiki baadaye, mtu kwanza." Na kabla hajapata njia ya kukataa, Povu alishawasha pampu.

"Anza mgongoni, Povu," Dada alisema kutoka kwenye benchi. "Mbele huko hapana matumaini."

Akacheka. Alicheka kichwa kikiwa nyuma, kile kicheko chake cha tangu utoto ambacho mama alikuwa akikikemea kwamba kinaamsha majirani. Shemeji alikuwa amesimama na mikono juu, anageuzwa huku na huku na maji kama gari dogo, na aliniambia kwamba wakati ule hakuikumbuka hata bolti. Kicheko ndicho kilichomchoma. Hakuwa amekisikia nyumbani kwake tangu mvua zilizopita. Kilikuwa huku, kinatolewa bure kwa mwosha magari na kwa mtu wa tope asiyejulikana. Alimwonea wivu Povu. Kisha, anasema, akamwonea wivu yule mtu wa tope.

Maji yakafika kichwani. Tope likashuka kwenye paji la uso, kwenye pua, kwenye mashavu.

"Povu," Dada akasema, "zima maji."

"Bado masikio."

"Zima maji."

Pampu ikanyamaza. Mvua ikasikika juu ya mabati.

"Umenifuata," Dada alisema.

"Pikipiki ya mteja," shemeji alisema. "Nilikuwa naijaribu."

Povu aliwatazama mmoja mmoja, uso wake ukachanua. "Kumbe huyu ndiye baba mwenyewe! Karibu sana, shemeji! Mama anakusifu hapa kila siku, kwamba kwa injini huna mpinzani."

"Nani shemeji yako?"

"Wewe. Yeye si dada yangu? Wateja wote dada zangu."

Hapo njia ya kurudi bado ilikuwepo. Angesema, nimekosa. Angesema, nipe na mimi chai. Hata kunyamaza kungetosha. Lakini wivu ukishapanda haujui kushuka kwa ngazi. Alinyoosha kidole kwenye madigadi.

"Nani amefunga ile bolti?"

"Mimi," Povu akasema kwa moyo safi. "Imelegea?"

Shemeji akatoa spana mfukoni, akapiga goti kwenye maji machafu, akaanza kuufungua mpira. Nati ya kwanza ilianguka ikabingirika kwenye mfereji. Povu alitaka kusogea, Dada akamzuia kwa mkono. Alivaa mabuti yake bila haraka. Akavaa koti la mvua. Mpira ulipodondoka, alimwinamia mumewe na kumwekea ufunguo wa nyumba kwenye kiganja kile kile kilichoshika spana.

"Nilikwambia," alisema. "Pikipiki ni yangu, ufunguo ni wako."

Akaondoka. Alikuja kwangu.

Mimi nina chumba kimoja cha kupanga, kitanda, meza, na vitabu vingi kuliko sahani. Nilimfungulia mlango, nikamwona mgongoni ana mchirizi mweusi wa maji ya lami tangu kiunoni hadi kwenye kofia. Aliponieleza, damu ilinichemka. Nilisema nakwenda gerejini sasa hivi. Nilisema mambo ya haki za binadamu, ya utumwa, ya wanaume wanaodhani cheti cha ndoa ni hati ya kiwanja. Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja.

"Kaa chini, mwanasheria," alisema huku anakamua soksi. "Sijakuajiri."

"Lakini Dada, huyu mtu—"

"Huyu mtu namjua kuliko wewe. Nipe taulo."

Baada ya siku chache alipata chumba karibu kabisa na kituo cha afya, katika nyumba ya wauguzi. Sasa hakuhitaji mabuti. Alikwenda kazini kwa miguu, chini ya veranda, akavuka uwanja mdogo, akafika mkavu. Koti jeupe halikukunjwa tena. Nilimwambia kwamba ameshinda. Alinitazama akasema, "Nimeshinda nini? Naikumbuka barabara."

Shemeji alianza kuja kwangu. Alikuja mara ya kwanza akabaki mlangoni.

"Shemeji, yuko wapi?"

"Mahali pakavu."

"Ana nani?"

"Unaona?" nikapandisha sauti. "Unaona unavyouliza? Hukuuliza kama anakula, hukuuliza kama analala. Umeuliza ana nani! Wewe huna mke, una kesi!"

Nilitegemea atanijibu, nilikuwa na hoja nyingi nimezipanga. Aliinamisha kichwa akaondoka. Akarudi tena, na tena. Mara moja alikaa kwenye kitanda changu akaniambia yale ya kicheko. Aliyasema akitazama vidole vyake vyenye oili, polepole, kama mtu anayefungua kitu ambacho hajawahi kukifungua na hajui ndani kuna springi ya aina gani. "Mimi nilitaka arudi mchafu," alisema. "Unaelewa, shemeji? Mke wangu alipata njia ya kukaa msafi, na mimi nikakasirika." Nilimchemshia chai.

Alimwomba Dada ruhusa ya kumtembelea, kupitia kwangu. Dada alikataa, akakataa, kisha akasema Jumapili, mchana, na mimi niwepo.

Mvua ilikuwa imepumzika siku hiyo. Dada alitoa viti nje, mbele ya chumba chake, upande wa wazi ambako kila jirani anapita. Nadhani alifanya makusudi. Shemeji alifika na pikipiki, tope mpaka magotini, akasimama mbali kidogo na kikanyagio cha mlangoni ili asikichafue. Walisalimiana kama watu wa ofisi mbili.

"Umekonda," Dada alisema.

"Nakula gerejini."

"Pikipiki za watu zinaendeleaje?"

"Zinakuja." Alikwangua tope gotini kwa ukucha. "Nilikwenda kwa Povu. Nikamwomba radhi."

"Akasemaje?"

"Akasema mengi. Mpaka nikaosha pikipiki mara mbili."

Mdomo wa Dada ulitikisika kidogo, akaudhibiti. Wakati ule ule mwanaume mmoja alipita mbele yetu, mrefu, kitabu kwapani, mwalimu wa shule ya jirani. "Habari za mchana, jirani!" alimwita Dada kwa uchangamfu. "Ule mlango wako bado unakwama?"

"Haukwami tena, mwalimu, asante!"

Mwalimu akaenda zake. Shemeji alimfuata kwa macho hadi kona. Akautazama mlango. Akazitazama bawaba. Niliona mdomo wake ukifunguka, nikaliona swali lenyewe likija, lote, na miguu na mikono. Nilitaka kusimama. Dada hakutikisika. Alikuwa anamtazama kama siku ile mezani, anasubiri.

Shemeji akafumba mdomo. Koo lake likapanda, likashuka.

"Umemeza nini?" Dada akauliza.

"Swali."

"Limeshuka?"

Alifikiri kwanza. Hakutaka kudanganya. "Limekwama hapa," akasema, akashika koo.

Hapo Dada alicheka. Si kile cha kuamsha majirani, kidogo tu, puani, lakini shemeji alikisikia na macho yake yakajaa maji.

"Basi nenda nyumbani ukanywe maji," Dada alimwambia, akasimama na kuchukua kiti chake. "Jumapili ijayo uje uniambie kama limeshuka."